Nani Alilazwa Chini ya Chombo?

Anayefika kisiwa cha Juani, Mafia, kutazama magofu ya mji wa Kua huonyeshwa kuta, kisha husimuliwa kisa. Kuta ni za matumbawe na chokaa: jumba la mtawala, misikiti na makaburi, vyote vimemezwa na kichaka upande wa magharibi wa kisiwa. Kisa ndicho kinachotushughulisha katika toleo hili.

Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani, ng'ambo kwenye kisiwa kikuu cha Mafia, walimaliza kuunda chombo wakawaalika watu wa Kua karamuni. Siku ya kukishua waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, chombo kikapita juu yao mpaka majini. Wa Kua hawakulipiza papo hapo. Walingoja miaka, hata wenzao wakadhani yamekwisha, ndipo wakawaita harusini katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukazibwa kwa ukuta. Yapo masimulizi yanayomtaja mzee mmoja aliyebaki ndani akiwachangamsha wageni wasishtuke, akafa pamoja nao.

Watembeza wageni hukimalizia hapo, na mgeni hupiga picha. Sisi tunaona kisa hiki ni fikra ya siasa, tena nzito. Hakuna mfalme anayeumia ndani yake. Wanaoumia ni watoto na waalikwa, na mzee anayekufa kwa ajili ya mpango wa wakubwa wake hata jina hakupewa. Waliokihifadhi kwa vizazi walijua fahari ya mji hupita juu ya miili ya nani.

Tukiisoma historia ya Mafia kwa jicho hilo, mengi hubadilika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliivamia Kua, wakachukua mateka, na mji haukusimama tena. Mamlaka yakahamia Chole, kisiwa jirani, chini ya Wabusaidi, masultani wa Unguja. Wenye minazi waliishi Chole; watumwa walilima mashamba kwenye kisiwa kikuu. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marka milioni 4 kwa pwani yote pamoja na Mafia, na utumwa ukaendelea chini ya bendera yao. Sheria iliyoufuta utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hapo si zamani sana: wapo wazee ambao bibi zao waliyaona hayo. Lakini mtu akiulizwa asili yake huitaja Shirazi haraka kuliko shamba la minazi, na hatumlaumu, maana aibu hiyo si yeye aliyeitengeneza.

Wanaakiolojia nao wamekuwa wakivutwa zaidi na mawe. Neville Chittick alichimba Kisimani. Felix Chami aliingia pango la Ukunju, hapa hapa Juani, akasema limebeba dalili za biashara ya kale kuliko miji. Waliochimba baada yake wakasisitiza habari za wakulima na wavuvi wa Zama za Chuma. Ubishi huo tunaupenda, kwa kuwa unaanza na watu waliokula samaki na mtama kabla jumba lolote halijajengwa.

Siasa ya leo iko baharini. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822, na Juani imo ndani yake. Wavuvi wengi waliiunga mkono kwa sababu baruti za wageni zilikuwa zikiua matumbawe. Baadaye baadhi yao waliona sheria zinawabana wao kwa juya zao, huku ushuru wa watalii ukikusanywa kwenye lango la Utende. Kwenye ufukwe wa mashariki wa Juani hutaga kasa. Yai lililokuwa kitoweo sasa lina mlinzi na mtazamaji anayelipia. Nani aliamua, na fedha inafika wapi? Hayo huulizwa kwenye mkutano wa kijiji, na mara nyingi kwa mafumbo.

Tukiyafikiria maswali hayo, tunatazama ng'ambo ya bahari hii hii: katika jimbo la Kerala, India, mwaka 1996 serikali iliamua kushusha asilimia 35 hadi 40 ya fedha za mipango kwenye halmashauri za chini. Kila halmashauri ilitakiwa kwanza kuandika taarifa ya maendeleo yake, ikiwemo historia ya mahali. Mpango ule ulikuwa na mvutano wa vyama, wala hatuutaji kama kielelezo kitakatifu. Unatuvutia kwa kuwa uliweka historia na bajeti katika daftari moja.

Waandishi wetu hawakubaliani. Mmoja anataka hifadhi ibaki ilivyo ila mahesabu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili. Mwingine anaona kijiji ndicho kingepaswa kutoa leseni. Wa tatu anapinga kukisoma kisa cha Kua kama siasa: kwake ni onyo la jirani kwa jirani, basi. Tumewachapa wote watatu, na makala ya huyo wa tatu tumeitanguliza.