Mashimo Meusi Yaliyopita Kiasi

Tarehe 21 Mei 2019 mitambo ya LIGO kule Marekani na Virgo kule Italia ilinasa mtikiso wa mawimbi ya mvutano uliodumu takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, nao ulipokwisha kuchambuliwa ikabainika kwamba mashimo meusi mawili, moja lenye tungamo la majua 85 hivi na la pili 66, yalikuwa yameungana; na kwa mujibu wa elimu ya falaki tuliyoirithi, lile kubwa halikutazamiwa kuwapo.

Ndani ya nyota nzito mno, joto la kitovu hupanda hata miale ya gama ikaanza kugeuka jozi za elektroni na positroni, na madhali ni miale hiyohiyo iliyokuwa ikiizuia nyota isijiangukie, nguzo hulegea, nyota hunywea, oksijeni iliyomo hulipuka kwa ghafla, na yote husambaratika pasi na kubakiza hata kaburi. Ndipo wanafalaki wakakadiria pengo, toka majua 50 hivi hata 120, ambamo nyota haizai shimo.

Mwaka 2020 Djuna Croon, Samuel McDermott na Jeremy Sakstein walitoa rai kwamba chembe nyepesi zisizopata kuonekana, mfano wa aksioni, zikiponyoka kitovuni na kuchukua nishati, heli huteketea upesi, kaboni hukosa muhula wa kugeuka oksijeni, na baruti ikipungua, nyota huporomoka nzima ikawa shimo zito. Naiheshimu rai hii kwa dhati, maana inakitafuta kilicho kidogo kabisa ndani ya kilicho kikubwa kabisa.

Walakini si insafu kumwita shahidi mgeni ilhali wenyeji hawajaulizwa. Muungano mwingine ulionaswa tarehe 23 Novemba 2023, wa majua yapata 137 na 103, ulikuwa na mashimo yazungukayo kwa kasi kubwa ajabu, na mzunguko wa namna hiyo ni dalili ya shimo lililozaliwa na mashimo mengine, wala si na nyota. Tena kasi ya kaboni kunasa heli ikawa oksijeni, kasi iamuayo baruti ile ni kiasi gani, haijapimwa kwa yakini katika joto la nyota. Natamani basi fedha na vijana wa fizikia waelekee kwanza kwenye maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso, ambako miamba huzuia miale ya angani isivuruge vipimo, ili kasi hiyo ijulikane, nayo ndiyo iliyogawa kaboni ya miili yetu na oksijeni tuvutayo.