Kengele ya Saa Kumi Alfajiri Inawapokonya Wanafunzi Elimu

Imani kwamba mwanafunzi mwenye bidii ni yule anayelala kidogo imekita mizizi katika shule nyingi za bweni za Afrika Mashariki, kiasi kwamba kengele inayowaamsha watoto saa kumi alfajiri ili wadurusu huhesabiwa kuwa ushahidi wa nidhamu, na wazazi huitaja kwa fahari wanapoisifu shule. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake huwaangukia wale wale inaodai kuwasaidia. Msingi wake ni dhana kwamba ubongo wa mtu aliyelala umezimika, hivyo kumpunguzia saa mbili au tatu ni kumwachia uchovu mdogo tu ambao chai ya asubuhi itauondoa.

Dhana hiyo ilipaswa kuzikwa tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa, katika vipindi fulani vya usiku, macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope, na kwamba walioamshwa wakati huo mara nyingi walikuwa katikati ya ndoto. Leo wataalamu huugawa usingizi katika hatua nne: kusinzia, ambako hudumu dakika chache, usingizi mwepesi, unaochukua karibu nusu ya usiku, usingizi mzito, ambapo mawimbi ya umeme ya ubongo huwa makubwa na ya polepole, na homoni ya ukuaji humiminwa kwa wingi katika damu, na usingizi wa ndoto, ambapo ubongo huchangamka karibu kama wa mtu aliye macho ilhali misuli mingi imelegea kabisa. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 90, kisha huanza mwingine.

Lakini mizunguko hiyo haifanani, na hapo ndipo hoja ya watetezi wa kengele inapoporomoka. Usingizi mzito hujaa katika theluthi ya kwanza ya usiku, na ule wa ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezimiwa taa saa nne na nusu na kuamshwa saa kumi hupata sehemu kubwa ya usingizi mzito, lakini hunyang'anywa sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto, ambao watafiti wengi wanauhusisha na kumbukumbu zilizofungamana na hisia, pamoja na saa za mwisho za usingizi mwepesi, unaohusishwa na ujuzi wa mikono. Kwa kuwa usingizi mzito hutangulia, mtoto huyo huamka akiwa na nguvu za kusimama mstarini, na walimu huamini kwamba hakupoteza kitu.

Watetezi husema pia kwamba wanafunzi huzoea. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza jinsi watu wazima waliolala saa sita kwa usiku 14 mfululizo walivyozidi kupungukiwa umakini hadi kulingana na watu waliokeshwa, huku wenyewe wakihisi usingizi kidogo tu. Anayesema amezoea, basi, anapima hasara yake kwa akili ambayo tayari imechoka. Dalili zake zimo darasani saa mbili asubuhi: mwandiko ulioanza vizuri juu ya ukurasa huinama, huacha mstari, kisha hukatika katikati ya neno, na mwenye daftari huadhibiwa kwa uvivu.

Kumwamuru kijana alale mapema zaidi hakutoshi, kwa sababu katika umri wa balehe melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, huchelewa kutolewa usiku, ilhali mahitaji ya kijana wa miaka 13 hadi 18 ni saa nane hadi 10. Wakuu wa shule wanao uwezo wa kuisogeza kengele hadi saa kumi na mbili, kuhamishia udurusu wa alfajiri wakati wa alasiri, na kuzima taa ifikapo saa nne. Na ratiba isipotosha, vinavyopaswa kupunguzwa ni vipindi vya ziada, kwani somo lililofundishwa mchana huendelea kushughulikiwa na ubongo usiku, na mtoto aliyekatiziwa usingizi hukatiziwa na somo hilo.