Tiketi ya Mjukuu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wapenzi, mwezi huu ukurasa wetu wa malezi utasema juu ya safari. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Ankabut, yatuamrisha tutembee katika ardhi tupate kuzingatia namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe vyake. Wengi wetu huidhani amri hii kuwa ni ya maulamaa na wafanya biashara. Lakini mtoto wa kijijini naye ana macho ya kutazamia, na babu au bibi mwenye nguvu za miguu ndiye mwalimu anayefaa kumwongoza, maana baba na mama wamo katika kutafuta riziki. Wala haihitajii mali nyingi. Basi, meli na daladala zatosha; na khasa katika vyombo hivi vya watu wote ndimo mtoto ajifunzamo kungoja zamu yake, kumpisha mzee kiti, kumwamkia asiyemjua, na kufahamu haki yake na wajibu wake.

Kwa sisi wa Muleba na Bukoba, mji mkubwa ulio jirani yetu ni Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Huko ndiko nilikokwenda na mjukuu wangu wa miaka kumi wakati wa likizo. Tulitoka Muleba kwa gari la abiria hata bandari ya Kemondo, tukaingoja MV Victoria itokayo Bukoba. Meli hiyo inanizidi umri mimi babu mtu: ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko, na ikaanza kazi mwaka 1961. Baadaye ilisimama miaka kadhaa, ikatengenezwa upya, ikarudi majini mwaka 2020.

Penye dirisha la tiketi, mtu mmoja aliyekuwa nyuma yetu akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu mdogo mpitishe hivi hivi. Sema ana miaka mitatu, nani atakuuliza?" Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunipunguzia gharama. Nikamjibu: "Ahsante, ndugu yangu, lakini mwenyewe amesimama hapa, anasikia." Nikamkatia tiketi yake, na jina lake likaandikwa.

Maneno yale nayasikia mara nyingi, nami nataka tuyapime. Kwanza, nauli ni haki ya mwenye chombo, na kuificha ni kula haki ya mtu. Mtoto akisikia babu yake anasema uwongo ili asilipe, ataona ya kwamba yale tuyafundishayo chuoni juu ya ukweli ni maneno ya chuoni tu. Utamfundisha hadithi arobaini, naye atakumbuka ule uwongo mmoja wa dirishani. Hilo peke yake latosha. Lakini iko sababu ya pili, nayo niliichelewesha makusudi ili akaione mwenyewe.

Tulipokwisha pakia, tukasoma dua ya safari iliyomo katika Suratuz Zukhruf. Tukasali Isha rakaa mbili, kwa kuwa masafa ya safari yetu yaruhusu kupunguza. Mjukuu akauliza kibla kiko wapi katikati ya maji. Nikamwonyesha: kutoka ziwa letu hili Makka iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki, na meli iendayo Mwanza inaelekea kusini mashariki, basi haifai kufuata omo ya meli, na meli ikigeuka nasi twageuka. Akafahamu upesi kuliko ambavyo angefahamu kwa ubao na chaki.

Asubuhi tukashuka Mwanza, tukapata kutazama. Tuliliona Jiwe la Bismarck lililosimama majini, lenye jina la Waziri Mkuu wa Ujerumani ambaye hakulitia machoni hata siku moja. Tukavuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Saanane, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, nacho chaitwa kwa jina la mzee mvuvi aliyekuwa akikaa humo. Mtoto akafurahi kuona swala na ndege wa kila namna, akamsabihi Mola wake bila ya kuambiwa.

Siku ya pili tukapanda daladala iendayo Igoma. Humo garini mjukuu alimpisha kiti mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye yule mama akamwombea dua njema. Igoma tuliyazuru makaburi ya waliokufa katika MV Bukoba. Meli hiyo ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, pale pale tulipopandia sisi, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza, ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, wengi wao watu wa kwetu Kagera. Tukawaombea Waislamu walio pale maghufira, nikamweleza ya kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu Muislamu aliyekufa maji katika mashahidi.

Mjukuu akauliza: "Babu, kwa nini unasema wanakadiriwa? Hawakuhesabiwa?"

Nikamwambia: "Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ndiyo maana hesabu yao haijulikani kwa yakini hata leo."

Akanyamaza, kisha akaitoa tiketi yake mfukoni akaitazama. Sikuongeza neno.

Tulirudi kwa basi kupitia Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Pale ambapo zamani magari yalipanga foleni kungoja kivuko, tulipita kwa dakika chache, kisha Sengerema, Geita, Chato na Biharamulo hata nyumbani.

Basi, ndugu zangu wazee, natuusiane mambo matatu. La kwanza, mtoto anayestahili tiketi akatiwe tiketi, na jina lake na umri wake viandikwe kwa ukweli. Jina katika orodha ni amana: kwalo huhesabiwa akiwa salama, na kwalo hutafutwa akipatwa na jambo. La pili, chombo kikijaa kupita kiasi tusipande, hata kama tumechelewa, hata kama nahodha au konda asema nafasi ipo. Tusisahau ya kwamba baada ya MV Bukoba ilikuja MV Nyerere karibu na Ukara, Septemba 2018, ikafa nayo watu zaidi ya 220, na chombo kile kiliruhusiwa abiria 101. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni baada ya kumfunga ngamia, wala dini yetu haituruhusu kujitia katika maangamizi. La tatu, tusiwaogopeshe watoto wetu na safari. Watembee, waone, waulize. Nasi tuwajibu kweli, hata penye habari ya msiba.

Nanyi vijana, mkipata babu au bibi wa kusafiri naye, mshikeni mkono, mbebeeni mzigo wake, na maswali yenu msiyafiche.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika maji ya ziwa letu, awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, na ajaalie watoto wetu wawe wakweli mbele ya madirisha yote ya dunia hii. Amin.

Wabillahi taufiq.