Kibodi isiyovulika kofia tusiinunue

Katika stesheneri za Dar es Salaam na saiba za Nairobi, kitufe kinachofutika mapema ni A. Si ajabu. Kiswahili hufunga maneno yake kwa irabu, na kati ya irabu hizo A ndiyo inayotawala. Anayechapa barua na fomu za watu huigonga kutwa nzima kwa kidole kidogo cha kushoto, na rangi iliyopigwa chapa juu ya plastiki huondoka. I na N zikifuata, kibodi huonekana mbovu ilhali ndani yake kila kitu kinafanya kazi. Kinachofuata kinajulikana: herufi huchorwa kwa tipeksi au kalamu ya wino mzito, kisha siku moja kibodi nzima hutupwa na kununuliwa nyingine ya aina ileile, ambayo A yake nayo itafutika. Hoja yangu ni kwamba hasara hii inaepukika bila gharama ya kutisha. Tununue kibodi ambazo kofia za vitufe vyake zinavuliwa na kubadilishwa, na tuache kulichukulia jambo hilo kuwa mchezo wa vijana wa gemu.

Kibodi nyingi za bei ya chini kabisa zina utando wa mpira chini ya vitufe. Umbo la vitufe hivyo kila kiwanda hujiamulia chenyewe, kwa hiyo kimoja kikivunjika au kufutika, hakuna duka litakalokuuzia mwenzake. Kibodi za mekanika zimejengwa vingine. Kila kitufe kina swichi yake yenye springi, na juu ya swichi hiyo kuna kishina chenye umbo la msalaba. Kofia hushika hapo kwa kubana tu, bila gundi wala skrubu. Msalaba huo ulikuja na swichi za MX za mwaka 1983, zilizotengenezwa na Cherry, kampuni iliyoanzia Marekani na kuhamia Ujerumani. Kwa miaka mingi hataza ziliwazuia wengine kuziiga. Muda wa hataza ulipokwisha, viwanda vya China kama Kailh, Gateron na Outemu vilitoa swichi zenye msalaba uleule, bei ikaporomoka, na kilichokuwa mali ya kampuni moja kikawa kipimo cha wote. Ndiyo maana leo kofia iliyofinyangwa katika kiwanda kimoja inakaa sawasawa juu ya swichi ya kiwanda kingine, kama mpini unavyoingia katika jembe la duka lolote. Haikuwa hisani ya mtu. Ulinzi wa sheria ulikwisha, ushindani ukafanya kazi yake, na mnunuzi wa kawaida akafaidika bila kuulizwa.

Wazo lenyewe si geni. IBM ilipotoa kibodi ya Model M mwaka 1985, kofia zake zilivuliwa, na hadi leo kuna watu wanaochapia Model M zilizowazidi umri. Linganisha na njia iliyofuatwa na Apple mwaka 2015, ilipoanza kuweka katika kompyuta mpakato zake vitufe vyembamba vya muundo wa kipepeo. Chembe ya vumbi iliweza kukwamisha kitufe, na kwa kuwa kibodi ilikuwa imefungwa kwa ribiti ndani ya fremu ya juu pamoja na betri iliyogundishwa, matengenezo mara nyingi yalikuwa kubadilisha fremu yote. Mwaka 2018 kampuni ilianzisha mpango wa matengenezo ya bure, mwishoni mwa 2019 ikaanza kuuacha muundo huo, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wateja wa Marekani, bila kukiri kosa. Wateja wale walikuwa na mawakili na mahakama za kuwasikiliza. Mwenye saiba ya Mbagala au Kisumu hana hata risiti. Kinga yake ni kununua kitu ambacho yeye mwenyewe, au fundi wa mtaa, anaweza kukifungua.

Kubadilisha kofia, hata hivyo, kunataka kujua unabadilisha kipi kwa kipi. Kibodi nyingi za mekanika za bei nafuu huja na kofia za plastiki ya ABS, ileile inayotengenezewa matofali ya kuchezea ya Lego. Ni rahisi kufinyanga, lakini mafuta na msuguano wa vidole huilainisha ikaanza kung'aa kama iliyopakwa samli, na jua huigeuza rangi ya manjano. Plastiki ya PBT ni ngumu zaidi na huchelewa sana kulainika. Muhimu kuliko plastiki yenyewe ni namna herufi ilivyowekwa. Iliyochapwa juu kwa rangi ndiyo inayotoweka. Iliyopenyezwa kwa joto huingia ndani ya PBT na haikwanguki. Na zipo kofia zinazofinyangwa mara mbili, plastiki ya rangi moja ikiwa herufi na ya rangi nyingine ikiizunguka. Hapo hakuna rangi ya kufutika, maana herufi ni plastiki yenyewe, nayo itakuwapo maadamu kofia ipo. Muuzaji anayesifia taa za rangi saba bila kujua herufi zake zimewekwaje anauza taa.

Kuna mitego pia. Umbali wa kitufe hadi kitufe katika kibodi za kawaida ni milimita 19.05, na herufi zenyewe karibu zote ni za ukubwa mmoja. Matatizo yako kwenye vitufe virefu. Kitufe cha nafasi hupimwa kuwa sawa na vitufe 6.25, na kampuni zinazojipangia safu ya chini kwa vipimo vyake humfungia mnunuzi mlango. Baadhi ya kibodi fupi zisizo na safu ya tarakimu upande wa kulia hupunguza Shift ya kulia, na seti ya kawaida huenda isiwe na kofia ya kipimo hicho. Kompyuta za mtumba kutoka Uingereza huja na Enter ndefu ya kusimama na alama ya @ mahali ambapo mpangilio wa Marekani una alama za kunukuu. Anayenunua seti ya Marekani kwa kibodi ya Uingereza atabaki na mashimo. Safu nazo hutofautiana kwa mwinamo, hivyo A iliyofutika hurithiwa na kofia ya safu yake. Kwa upande wa lugha tuna bahati: Kiswahili hakihitaji herufi yenye nukta au kikofia juu, na alama ya ng' ipo katika kila seti. Mfaransa na Mturuki hawana raha hiyo.

Pingamizi zito ni la bei. Kibodi ya mpira hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya kibodi ya mekanika hata ile ya bei nafuu, na seti nzuri ya kofia inaweza kukaribia bei ya kibodi yenyewe. Ni kweli, na kwa mtu anayechapa barua mbili kwa mwezi nisingemshauri vingine: anunue ya mpira. Lakini kwa anayeishi kwa kuchapa hesabu hubadilika. Watengenezaji wa swichi za mekanika hutaja uhai wa mibonyezo milioni 50, ilhali kwa kibodi za mpira idadi inayotajwa huwa milioni 5 hadi 10. Hayo ni maneno ya wauzaji, na hata ukiyakata nusu tofauti inabaki kubwa. Tena si lazima kununua seti nzima. Katika ofisi yenye kibodi ishirini za aina moja, ile itakayokufa kwanza inaziachia zilizobaki spea za kutosha kwa muda mrefu. Malalamiko ya kelele yana jibu fupi: swichi zinazoitwa za bluu hupiga kelele kwa makusudi, nyekundu hazifanyi hivyo. Na anayesema mchapaji hodari hatazami vitufe ana haki, ila wachapaji hodari ni wachache, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kujifunza herufi asizoziona.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalikubali karibu lote, kwamba biashara ya kofia imekuwa ya urembo. Ziko seti kutoka Ujerumani zinazouzwa zaidi ya dola 100, na wapo wanaonunua seti ya tatu kwa sababu tu ya rangi. Huo ni ununuzi wa plastiki ambayo haikuhitajika, na mwenye kuufanya asijifiche nyuma ya hoja ya mazingira. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inakadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Kibodi ni tone katika bahari hiyo, sidai vingine. Ila zile zenye herufi zilizofutika zingeweza kubaki mezani, na uamuzi wa kuzibakisha hauhitaji kiwanda cha urejelezaji wala msaada wa mfadhili. Wala nisiahidi kupita kiasi: kofia mpya haifufui swichi iliyoliwa na kutu ya hewa ya bahari. Kwa maradhi hayo zipo kibodi ambazo hata swichi huchomolewa kwa mkono, na bei zake nazo zimeshuka.

Wanunuzi wenye nguvu katika jambo hili ni wale wanaonunua kwa mamia: shule, mahakama, halmashauri, vyumba vya habari. Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huanza Julai 1, na masharti ya zabuni huandikwa kabla ya hapo. Maofisa ugavi waongeze sharti moja kwa kibodi za wale wanaochapa kutwa: kofia zivulike, kishina kiwe cha msalaba, vipimo viwe vya kawaida, herufi zisiwe za kupakwa, na kila shehena ije na seti ya akiba na koleo la waya la kuvulia. Muuzaji asiyeweza kutimiza hayo atafute mteja mwingine.