Pasipoti Yako Isikae Mfukoni Mwa Mwenzio

Najua ukifika mwezi wa likizo swali linakuwa moja tu: twende wapi mimi na wangu? Zanzibar mmeshakwenda, Bagamoyo mmeichoka. Safari hii nawapeleka Kyela. Ndiyo, Kyela ya mchele mtamu na kokoa, kule barabara inakoshuka kutoka Tukuyu, joto linakupokea, na mbele yako Ziwa Nyasa limetandaza maji kama shuka la bluu. Ukifika Matema na kuona Milima ya Livingstone ilivyosimama wima juu ya maji, utasahau hata bili ya umeme.

Na raha ya Nyasa ni kupanda meli. Wazungu wana meli zao za kitalii zenye mabwawa ya kuogelea, sisi tuna zetu. MV Mbeya II, iliyojengwa hapo hapo Kyela na kuanza kazi mwaka 2021, iliundwa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200. Njia yake ni ya mwambao: kutoka Kiwira kwenda Lupingu, Manda, Liuli mpaka Mbamba Bay. Kila kituo watu wanashuka, wanapanda, samaki na vyungu vinauzwa, na wewe na mpenzi wako mmeegemea chuma mnatazama. Usisikie la mtu!

Lakini kuna jambo dogo ambalo limeharibu safari nyingi za wapendanao, na sijaona likiongelewa. Ni ile kauli tamu: "Nipe nikushikie."

Unaijua. Mnatoka nyumbani, baba anakusanya pasipoti, vitambulisho na tiketi, anavitia kwenye begi lake dogo. Wakati mwingine ni mama, anavifutika kwenye pochi pamoja na wanja na vidonge vya kichwa. Inaonekana ni mapenzi, na mara nyingi ni mapenzi kweli. Shida inaanza pale meli inapotia nanga, mmoja anataka kushuka kuona soko, mwingine anataka kulala.

Tuelewane kwanza kuhusu karatasi zenyewe, maana Kyela iko pembeni kabisa mwa nchi. Kwa barabara, mpaka ni Mto Songwe. Huku kwetu ni Kasumulu, ng'ambo ni Malawi, na mbele yake Karonga. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule lugha zao ni ndugu, wanaoana, wanazikana. Kwa jinsi wenyeji wanavyopishana na baiskeli zao unaweza kudhani mpaka ni mchezo. Mgeni usidanganyike. Mtanzania huhitaji viza kuingia Malawi, lakini unahitaji pasipoti halisi, mhuri wa kutoka na mhuri wa kuingia. Ukivuka kwa njia ya panya kwa sababu "ni hapo tu, tunakunywa soda tunarudi", siku ya kurudi ndiyo utakapojua kwamba soda ile ilikuwa ghali.

Kwa maji mambo yana utata wake. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ndio Malawi wanaoutegemea kusema ziwa lote la kaskazini ni lao mpaka kwenye mchanga wetu. Tanzania tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 mzozo huo ulipamba moto tena, hadi marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Hayo tuwaachie wakubwa. Wewe abiria kumbuka hili tu: juu ya maji huoni mstari, ila gatini yuko afisa. Miaka ya 2000 MV Songea ilikuwa ikitoka Mbamba Bay na kuvuka mpaka Nkhata Bay, na ile MV Ilala ya Malawi, iliyoanza kazi mwaka 1951, ilizoea kutia nanga bandari za Malawi na za Msumbiji katika safari moja. Ukilala nchi moja ukaamka nchi nyingine, pasipoti lazima iwe karibu na mkono wako.

Sasa swali ambalo wengi wanauliza: nikishuka nchi kavu nibebe pasipoti yenyewe au kopi?

Kwenye meli kubwa za baharini, zile zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa, abiria wengi huacha pasipoti kwenye sefu ya kabini au kwa wahudumu, wanashuka na kadi ya meli na kopi mfukoni. Wana sababu. Pasipoti ikiibiwa sokoni, safari imekwisha. Lakini sikiliza yaliyotokea Machi 2024 kisiwani São Tomé, magharibi mwa Afrika. Abiria 8 wa meli ya Norwegian Dawn walishuka kutembea, wakachelewa kurudi, meli ikang'oa nanga. Wahudumu walikuwa wamezitoa pasipoti zao na kumwachia wakala wa meli bandarini, kwa hiyo hati walizipata. Hata hivyo walihangaika nchi kadhaa. Gambia wakaikosa tena meli, mpaka walipoikuta Dakar, Senegal. Na kati ya wote, wanandoa wawili tu ndio waliokuwa na kadi ya benki inayokubalika kisiwani, wakawa wanawalipia wenzao.

Umeona? Wale walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao, yenye wakala bandarini. Sasa wewe umeachwa Lupingu. Kwenye meli zetu za ziwani usitegemee sefu, wala usitegemee wakala wa kukukabidhi bahasha. Begi alilolala nalo mwenzio limeondoka, na ndani yake limeondoka jina lako, uraia wako na nauli yako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukiwa kwenye safari ya ndani ya nchi, Kiwira hadi Mbamba Bay, Mtanzania kitambulisho cha Taifa kinakutosha, na ukae nacho mwenyewe. Kama umepanga kuvuka, beba pasipoti halisi mwilini, kwa sababu kopi haivuki mpaka. Hizi pasipoti za kielektroniki tulizozindua Januari 2018 zina chipu ndani, na hakuna steshenari Kyela nzima inayoweza kutoa kopi ya chipu. Na kama mpenzi wako ni mgeni kutoka nje, akishuka kuogelea Matema abebe kopi ya ukurasa wa picha pamoja na ule wenye mhuri wa kuingia nchini. Pasipoti yenyewe abaki nayo kwenye mfuko usiopitisha maji, au iwe imefungiwa hotelini ambako ufunguo anao yeye.

Kopi ina kazi yake, tena kubwa. Pasipoti ikipotea, utaanza polisi kuchukua ripoti ya upotevu, kisha Uhamiaji. Ukiwa Malawi, ubalozi wetu uko Lilongwe, mbali mno na Karonga. Mwenye kopi anaonyesha namba ya hati, tarehe na mahali ilipotolewa, kazi inaanza hapo hapo. Asiyekuwa nayo anaanza kueleza historia ya maisha yake.

Turudi kwenye mapenzi, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Kwa nini nasisitiza kila mtu na yake?

Kwanza, kwa usalama wenu wote wawili. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria Septemba 2018, kilikuwa kimeundwa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Orodha kamili ya abiria haikuwepo. Ndugu walisimama ufukweni wakitambua wapendwa wao kwa sura na nguo. Ni mazungumzo mazito kwenye gazeti la raha, najua, ila nayasema kwa sababu nakupenda. Tiketi yako iandikwe jina lako kamili. Wewe si "na mke wake". Wewe ni mtu, una jina, na likitokea la kutokea jina hilo liwe mwilini mwako.

Pili, hati ni uhuru. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu dada zetu wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kwamba waajiri wao walizichukua pasipoti zao mara tu walipofika, na bila pasipoti hawakuweza kuondoka hata mambo yalipowachachia. Silinganishi mume mwema na mwajiri katili, la hasha! Nasema tu kwamba anayeshika hati yako ameshika na mlango. Mkiwa mnacheka hutauona huo mlango. Mkigombana usiku, ugenini, ndipo utautafuta. Nimesikia akina dada wakisimulia namna walivyoomba pasipoti zao asubuhi baada ya ugomvi, wakajibiwa: "Ya nini? Unataka kwenda wapi?" Swali hilo halikuwa la mapenzi tena.

Tatu, habari inayokaa kwa mtu mmoja ni hatari kwa wawili. Ziwa hili lina kisa chake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nahodha Mwingereza Rhoades wa meli ya Gwendolen na nahodha Mjerumani Berndt wa Hermann von Wissmann walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Agosti 1914 Rhoades akapata taarifa kwamba nchi zao zinapigana. Berndt hakuwa na habari. Meli yake ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa, pale Liuli, ambapo zamani paliitwa Sphinxhafen. Alijua kuna vita aliposikia mzinga wa rafiki yake! Sasa jiulize, kwenye safari yenu, nani anajua meli inaondoka saa ngapi, tiketi ya kurudi iko wapi, hela imebaki kiasi gani? Kama ni mmoja tu, mwingine ni Berndt.

Haya, tufanye hivi kabla hujafunga begi:

1. Kila mmoja abebe pasipoti au kitambulisho chake, karibu na mwili. Akina mama mnajua siri ya kibindo. Akina baba, mfuko wa nyuma wa suruali si mahali.

2. Toeni kopi mbili za kila hati. Badilishaneni: yako moja ikae kwa mwenzio, yake moja ikae kwako. Nyingine acha nyumbani kwa ndugu unayemwamini.

3. Pigeni picha hati na kuzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe. Ila simu ikizima chaji ni tofali tu, kwa hiyo karatasi ibaki palepale.

4. Funga kila kitu kwenye mfuko usiopitisha maji. Pwani hii ina vituo ambavyo abiria wamezoea kushuka kwa mitumbwi, na upepo ukichafuka wimbi halichagui begi.

5. Gaweni hela na namba za simu. Andika namba kwenye karatasi, maana siku hizi hata ya mume hatuikumbuki kichwani.

6. Mkienda na mtoto ng'ambo, naye anahitaji hati yake. Mzazi mmoja akisafiri peke yake naye, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mwenzake.

7. Pasipoti huna na safari ni ya nchi jirani? Muulize afisa wa Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari kabla ya kufika mpakani, si ukiwa umeshapanga foleni Kasumulu.

Najua unachowaza: "Nikimdai pasipoti yangu si atasema simwamini?" Ndiyo maana jambo hili huongelewa nyumbani, mkiwa mmekula na kushiba. Usianze na "naomba changu". Sema: "Baba watoto, nimekutolea kopi yako ninayo mimi, na wewe shika yangu hii. Pasipoti kila mtu akae na yake, ili mmoja akiibiwa mwingine amwokoe." Mwanamume mwenye akili atasema sawa na kuuliza kama umepakia na mswaki wake. Nawe kaka, ukitaka kumfurahisha mwenzio, usisubiri akuombe. Mkabidhi ya kwake mwenyewe kabla ya kupanda meli, umwonyeshe na tiketi ya kurudi ilipo.

Na kama atanuna? Akikasirika kwa sababu umeomba kushika jina lako mwenyewe, basi afadhali umelijua hilo Kyela mjini, gari la kurudi Mbeya likiwa bado lipo.

Kuaminiana si kukabidhi kila kitu kwa mtu mmoja. Wawili wakiaminiana kweli, kila mmoja anaweza kuondoka muda wowote, na bado jioni utawakuta ufukweni Matema wamekaa mkeka mmoja, wanachambua mbasa wa kuchoma.

Safari njema, wapendwa. Ukifika Kyela ukapokelewa kwa ukarimu, na utapokelewa, jibu kama wenyeji: ndaga fijo! Tukutane mwezi ujao.