Bima ya Shule Ianze na Mitaro
Jasho la wananchi waliojenga madarasa kwenye miteremko ya Rangwi, wilayani Lushoto, linastahili kulindwa. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kukata bima si anasa ya matajiri. Lakini hati ya bima haizibui mtaro wala haifungui mlango wa bweni. Mwaka 2009 moto uliwaua wasichana 12 bwenini Idodi, Iringa. Hakuna fidia ingeweza kuwarudisha. Kamati na bodi za shule hazina budi kukagua mitaro kabla ya masika, kuacha madirisha ya kutorokea yasiyo na nondo, na kutunza daftari la mali, ambalo aghalabu hukumbukwa siku ya kukabidhiana ofisi. Ada ya bima ilipwe na halmashauri, asichangishwe tena mkulima.