Kiatu Kimoja cha Mama

Kama wewe na mwenzio mnahangaika na kazi mjini, na mtoto mmempeleka kwa bibi yake "kwa muda tu, mpaka tujipange", basi mwezi huu tuko pamoja. Wetu yuko Lushoto kwa mama yangu. Tulibadilisha dada wa kazi watatu ndani ya mwaka mmoja, wa tatu akaondoka na pasi na blenda, mimi na baba mtoto tukatazamana tukasema basi, yatosha. Binti alikuwa na miaka mitatu.

Sikutegemea kwamba kuna mtu angenifungua macho juu ya hilo, tena kijijini China.

Oktoba 2024 nilikuwa Guangzhou, nimemsindikiza shoga yangu anayeleta mapazia na mashuka. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu yao ya taifa na mapumziko yake ni ya wiki nzima. Karani wa duka tulilokuwa tunanunua, msichana wa miaka 29 anayejua Kiingereza, akatuambia anakwenda kwao. Nikamtania, nichukue. Si akanichukua kweli!

Kwao ni wilaya ya Congjiang, jimbo la Guizhou, milimani. Treni ya kasi ilitufikisha kwa saa tatu na ushei, halafu tukapanda gari dogo lililokata kona mpaka tumbo likanigeuka. Reli hiyo ya kutoka Guiyang hadi Guangzhou ilifunguliwa Desemba 2014. Kabla ya hapo treni kati ya miji hiyo miwili ilichukua zaidi ya saa 20, kwa hiyo usishangae kwamba wazazi wengi walikuwa wakionekana kijijini mara moja kwa mwaka, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina.

Watu wa pale ni Wadong, wana lugha yao, na bibi mwenye nyumba Kichina chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu. Salamu ya kwanza ilikuwa "umeshakula?" Hakusubiri jibu. Alinivuta misuko, akauliza imechukua muda gani, nikasema saa sita. Akamwambia mjukuu wake kitu, wote wakacheka. Tafsiri: ndani ya saa sita yeye angekuwa amemaliza shamba.

Na kweli nilimwona shambani. Mashamba yao ni ya ngazi, yamepanda mlima kama ya kwetu Usambara, ila haya ni ya mpunga na ndani ya maji yake wanafuga samaki na bata. Mchele wao wa kunata hawaufyeki kwa mundu. Wanakata suke mojamoja kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, wanafunga mafungu, wanayatundika kwenye chanja ndefu za mbao mpaka kijiji kizima kinageuka rangi ya dhahabu. Samaki waliotolewa shambani wanabanikwa palepale. Halafu ule mchele, jamani, unaliwa kwa mkono! Unamega tonge, unalifinyanga, unachovya pilipili. Vijiti nilivyokuwa nimejifunza kwa jasho wiki nzima nikaviweka pembeni, nikajisikia nyumbani.

Nilichochelewa kukiona ni kwamba wavunaji wote walikuwa wazee. Chini ya mnara wa ngoma, ule wa mbao wenye mapaa mengi ambapo kijiji hukutana, wazee wanacheza karata na wajukuu wanawapanda mabegani. Watu wa rika langu hawapo. Nyumba mpya za zege zipo, zimejengwa kwa hela zao, na nyingi zina kufuli.

Mle ndani tulimofikia kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, mtoto wa kaka yake yule karani. Wazazi wake wako Foshan kwenye kiwanda cha sofa, baba anafunga magodoro ya viti, mama anashona mifuniko. Wanaishi chumba kimoja. Nikauliza swali la kijinga la mtu wa mjini: kwa nini wasimchukue? Shangazi yake akanieleza habari ya hukou, yaani usajili wa kaya unaomfunga kila mtu na kwao, uliowekwa kisheria mwaka 1958. Sheria zimelegea sana siku hizi, lakini shule ya serikali mjini bado inaweza kudai makaratasi chungu nzima kutoka kwa mzazi mhamiaji, na mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa kawaida unafanyiwa jimboni kwako. Na hata bila hayo yote, alisema, wote wawili wanapiga ovataimu. Nani atamchukua chekechea jioni?

Nikamkumbuka dada wa kazi wa tatu.

Watoto wa namna hii wana jina kabisa kule, "watoto waliobaki nyuma". Mwaka 2018 serikali yao ilihesabu karibu milioni saba vijijini, na asilimia 96 walikuwa wanalelewa na bibi au babu.

Wazazi walifika usiku wa tarehe 1. Kiwanda kilikuwa na oda, wamepewa siku tatu. Mama mtu ameingia na begi na katoni ya maziwa, amechuchumaa, amefungua mikono, na mtoto akajificha nyuma ya bibi yake. Hakulia, alichungulia tu. Kila siku saa mbili usiku wanaongea kwenye simu kwa WeChat (nilishuhudia baadaye, bibi anashika simu vibaya, nusu saa nzima wanatazama dari), kwa hiyo sura anaijua. Kumbe sura haitoshi. Siku ya pili alipokea biskuti. Siku ya tatu alimfuata mama yake mpaka chooni, na usiku akalala amekamata nywele zake.

Alfajiri ya kuamkia siku ya nne nikasikia watu wananong'ona. Nyumba za mbao hazifichi kitu. Walikuwa wanaondoka kabla mtoto hajaamka, na wamekwama kwa sababu raba moja ya mama haionekani. Wametafuta kwa tochi ya simu, chini ya ngazi, kwenye kuni, kwenye banda la bata. Gari likapiga honi mara moja, kwa woga. Akaondoka na ndala za mama mkwe wake.

Mtoto alipoamka aliangalia kitanda, akashuka ngazi, akaangalia mlangoni pale viatu vinapowekwa. Hakuuliza mtu. Alikwenda kwenye pipa la pumba za bata, akachomoa ile raba, akaiweka pembeni ya ile nyingine. Bibi akasema kitu bila kuacha kukoroga chakula. Nikaomba tafsiri. "Anasema kila mara wanadhani hajui."

Msomaji, mimi naondoka Lushoto hivyohivyo. Basi la kwanza, giza, viatu mkononi, mama yangu ananifungulia mlango wa uani ili bawaba zisilie. Miaka yote nimejiambia nafanya kwa ajili ya mtoto, asiumie. Pale kwenye ile ngazi nikaona ni kwa ajili yangu. Mimi ndiye nisiyetaka kumwona akilia, nipande basi nikiwa safi, nipige selfi njiani. Kilio chenyewe nimemwachia mama yangu akishughulikie asubuhi, bila hata kumwuliza kama anakiweza.

Na kuna kitu kingine kikanijia. Mwezi Julai, safari yangu ya mwisho, niliitafuta chaja ya simu usiku kucha. Wiki moja baadaye mama aliniambia ameikuta ndani ya debe la unga. Tulicheka sana, utundu wa watoto.

Mume wangu hakubaliani nami. Anasema mtoto wa miaka minne atasahau, na kwamba nimekwenda China kununua mashuka nimerudi na falsafa. Labda. Bado hatujapata namna ya kumrudisha Dar, na sitakudanganya kwamba tumeipata baada ya safari moja. Lakini Desemba hiyo nilipokwenda nilimwambia jioni kwamba kesho naondoka, nikachukua basi la saa nne, mchana kweupe. Alilia kuanzia nyumbani hadi stendi. Alilia mpaka kondakta akaniuliza mama vipi, unakwenda au unabaki? Bibi yake akambeba mgongoni, akapunga mkono kwa hasira, mkono tu, uso ameuficha kwenye kanga ya bibi.

Nililia mpaka Mombo. Chaja nilimwachia.